Mgombea Namba Kumi na Mbili wa Dolna Sliva

Kwa miaka ishirini na tisa Velika Rusanova alikuwa mtunza maktaba, mfagiaji, mwasha jiko na mwokaji wa mikate ya wageni katika nyumba ya kusomea ya Dolna Sliva, na mshahara wake ulikuwa wa kazi moja tu kati ya hizo. Kila chama kilichowahi kuiongoza Bulgaria, na vingine ambavyo Mungu ameiepusha nchi navyo, vilipita ukumbini mwake kuomba kura. Vyote vilikula mkate wake. Ndiyo adabu ya kule: mgeni hupokelewa mlangoni kwa mkate na chumvi, akamega, akachovya, akala, ndipo anaruhusiwa kupanda jukwaani kusema uongo.

Na vyote viliahidi paa. Paa la nyumba ile lilianza kuvuja mwaka aliofariki mumewe, Asen, miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo limetengenezwa kila uchaguzi, kwa mdomo. Velika si mtu wa kinyongo, la hasha. Kila aliponunua beseni jipya la kukinga maji, aliliandika kwa rangi nyekundu jina la chama kilichoahidi mara ya mwisho, basi. Yalishafika saba. Mvua ikinyesha, Mzee Metodi, mstaafu wa reli aliyekuja kila siku kusoma magazeti na kuota moto wa bure, alikuwa akimwita kutoka chumba cha magazeti.

"Velika wee! Umoja wa Wakweli umefurika!"

"Umwage dirishani, Mzee Metodi. Na Nuru ya Taifa je?"

"Nuru ya Taifa imetoboka. Inamwaga yenyewe."

Walicheka sana, wale wawili. Lakini masika yale vicheko vilikatika. Ilikuja barua kutoka halmashauri: paa lisipotengenezwa kabla ya tarehe mosi Oktoba, nyumba itafungwa, na vitabu vyote elfu nane vitapelekwa kwenye ghala la zamani la tumbaku, hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Velika hakuwa na mtoto. Vitabu vile alivijua mmoja mmoja, kipi kilichanika, kipi kilirudishwa na doa la mchuzi na nani alikana. Aliisoma barua mara mbili, akaitia kwenye droo. Iliuma, jamani.

Sasa, katika hali hiyo, ndipo Chama cha Bulgaria Iliyonyooka kikaamua kwamba wagombea wake kumi na saba wa Bunge la Ulaya watambulishwe kwa wananchi huko huko Dolna Sliva. Kwa nini Dolna Sliva? Kwa sababu mwenyekiti wa tawi, Krastyo Minev, aliwaambia wakubwa wa Sofia kwamba ana wanachama mia nne. Alikuwa nao tisa, ukimhesabu na mama mkwe wake, aliyejiunga kwa ajili ya kalenda.

Asubuhi ya sherehe Krastyo aliingia jikoni mbio, tai ikiwa begani.

"Dada Velika, nimekwisha! Namba kumi na mbili ametukimbia. Amepata kazi ya kuendesha lori Ujerumani."

"Basi huyo ndiye pekee kati yenu atakayefika Ulaya," Velika akasema, akiendelea kuupaka mkate yai.

"Usinichekeshe, mwenzio naumwa. Orodha inatakiwa iwe Sofia saa kumi na moja jioni, ikiwa na majina kumi na saba, na Mheshimiwa amesema likipungua moja atanipunguza mimi." Akamtazama Velika kuanzia kilemba mpaka kandambili, kama mtu anayechagua kabati la kuazima. "Wewe una kitambulisho?"

"Ebo! Mimi? Krastyo, una homa?"

"Hakuna atakayekuchagua, ondoa wasiwasi! Tukijitahidi mpaka tutokwe na damu puani tunapata kiti kimoja, nacho ni cha Mheshimiwa Tashkov. Wewe unajaza nafasi tu. Unasimama, unatabasamu, unasema neno dakika mbili, unarudi jikoni kwako."

"Dakika mbili kwenye kipaza sauti? Televisheni ikiwepo?"

"Ikiwepo."

"Na paa langu?"

"Paa, dada yangu," Krastyo akasema, akitia mkono kifuani, "tutazungumza baada ya uchaguzi."

Velika alilijua neno hilo. Alikuwa nalo kwenye mabeseni saba. Lakini dakika mbili mbele ya kamera hakuwahi kupewa na mtu, wala hakuona njia nyingine ya kuifikia Oktoba. Akajifuta unga mikononi, akasaini karatasi tatu bila kuzisoma, jambo ambalo wasomaji wake walikuwa wakikatazwa.

Saa tano wageni wakafika. Ognyan Tashkov, namba moja, alikuwa mwenye kiwanda cha soseji, mtu aliyependa sana umaskini katika hotuba. Velika alimsubiri mlangoni na mkate wake. Tashkov akamega pande la kutosha familia, akachovya chumvi bila kuangalia, macho yote kwenye kamera, akatafuna huku uso umemkunjamana na machozi yakimlengalenga. Mtangazaji akasema mheshimiwa ameguswa na mapokezi.

Utambulisho ukaanza. Namba mbili alikuwa wakili wa Tashkov. Namba tatu, mke wa wakili, aliyetajwa kuwa mtaalamu wa masuala ya familia. Namba nne alikuwa bingwa wa zamani wa mieleka, akasema Ulaya ataishika shingo. Namba tano alizungumza dakika ishirini juu ya maadili, akasahau jina la chama, akakumbushwa. Wanachama tisa walishapewa maagizo wapige makofi ya watu mia nne, na mama mkwe wa Krastyo alipiga mpaka pete ikamvimbisha kidole. Kufikia namba nane mvua ilianza kunyesha. Kufikia namba kumi, mabeseni yaliyofichwa nyuma ya pazia yalikuwa yakijibu kila hotuba, to, to, to, na jukwaani tone moja nono likajitafutia kipara cha Mheshimiwa.

"Namba kumi na mbili!" Krastyo akapaza sauti. "Mwakilishi wa utamaduni, mwanamke wa watu, Velika Rusanova!"

Velika alikuwa amepanga maneno mazuri. Alitaka kutaja barua, ghala la tumbaku, watoto waliojifunzia kusoma mle. Mbele ya kipaza sauti yote yakayeyuka.

"Mimi ni Velika," akasema. "Hili paa linavuja. Wote mnaliona."

Mabeseni yakamwitikia, to, to, to. Krastyo akamnyang'anya kipaza sauti. "Mmesikia, ndugu wananchi! Hiyo ndiyo Bulgaria isiyonyooka! Sisi tutainyoosha!" Makofi ya mia nne. Jioni televisheni ilionesha soseji zilizogawiwa, mieleka, na machozi ya Tashkov. Velika alikatwa akabaki kiwiko.

Alipokuwa akikusanya makombo, Tashkov alimpitia, akampigapiga begani. "Mkate mtamu, mama. Hilo la paa, tutazungumza baada ya uchaguzi." Usiku huo Velika alitoa kopo la rangi nyekundu, akaandika beseni la nane.

Wiki iliyofuata Tume ya Uchaguzi ikapiga kura ya bahati kuvipa vyama namba zao kwenye karatasi ya kura. Bulgaria Iliyonyooka ikaangukiwa na kumi na mbili. Hakuna aliyeshtuka. Krastyo alibandika namba hiyo kila nguzo: KUMI NA MBILI, USISAHAU! Na kweli watu hawakusahau. Tatizo ni kwamba karatasi ya mwaka ule ilikuwa na safu mbili. Kushoto ulitia alama kwenye namba ya chama. Kulia, ukipenda, ulitia alama kwenye namba ya mgombea unayemtaka ndani ya chama hicho. Sasa mwananchi mwema, aliyekula soseji na kukariri kumi na mbili, akatia alama kumi na mbili kushoto. Akaona na kulia kuna kumi na mbili. Akatia na hapo, kusudi pasitokee utata.

Jumatatu asubuhi matokeo yakasomwa redioni. Chama kilipata kiti kimoja, kama ilivyotabiriwa. Kwa alama elfu hamsini na tatu za wapiga kura wake, kiti kilikwenda kwa mtunza maktaba wa Dolna Sliva.

"Lo salale," alisema Mzee Metodi, akazima redio, akaiwasha tena.

Krastyo alifika kabla chai haijapoa, uso mweupe kama jibini. Baada yake akaja Tashkov mwenyewe, safari hii bila kamera, na karatasi iliyokwisha chapwa: mimi, Velika Rusanova, kwa hiari yangu, kwa sababu za kiafya, najiuzulu. Hapakuwa na mkate mlangoni.

"Mama, ni ajali tu hii," Tashkov akasema kwa upole wa kumbembeleza ng'ombe. "Saini hapa, kiti kirudi kwangu, tuimalize."

"Nina afya njema, mheshimiwa, ahsante kwa kuuliza. Kwanza paa. Kisha tutazungumza."

"Lakini, mama..."

"Tutazungumza," akarudia Velika, akawafungulia mlango.

Paa lililoshindikana miaka kumi na minne lilimalizika kwa siku tisa. Mafundi walikuja na malori ya kiwanda cha soseji, wakaleta vigae vipya, mbao mpya, mabomba ya maji ya mvua, hata jogoo wa bati wa kuonesha upepo, ambaye hakuna aliyemwomba. Halmashauri ikaandika barua nyingine kujipongeza. Velika alikuwa akitoka kila alasiri kutazama juu, mkono kwenye paji la uso, na siku kigae cha mwisho kilipowekwa alilia wazi wazi mbele ya mafundi, hakujali.

Siku ya kumi na moja mvua ikanyesha ya kishindo. Tashkov na Krastyo walikuwa wameketi ukumbini tangu asubuhi wakiisubiri, kwani Velika alitaka kwanza kulijaribu paa, karatasi mezani. Mabeseni manane yalipangwa pembeni, makavu. Hakuna tone. Velika alisikiliza vizuri, akavaa miwani, akachukua kalamu. Alitaka kusaini, tusimsingizie. Ndege alikuwa akiziogopa, Brussels hakuijua, na alichokitaka kilikuwa kimekwisha patikana, kipo juu ya kichwa chake.

Krastyo, kwa furaha, akaona amfariji. "Usijisikie vibaya, dada. Si kwamba unamnyima mtu. Katika elfu hamsini na tatu wale hakuna hata mmoja aliyekukusudia wewe."

"Mimi nilimkusudia."

Mzee Metodi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha magazeti, gazeti kwapani.

"Wewe mzee, rudi kasome," Tashkov akasema.

"Chama chenu nakichukia, tena nilikichukia tangu kikiwa na jina jingine," Metodi akaendelea, hakumtazama Tashkov hata kidogo. "Nilivaa miwani. Nikasoma maelekezo mara mbili. Nikamtafuta kwenye orodha, nikamwona, nikatia alama. Tangu vyama vingi vianze nimekuwa nikipiga kura ili fulani asipite. Hii ndiyo ya kwanza nimempigia mtu." Akaona wote wanamwangalia, akaona haya. "Basi, ndiyo hivyo. Gazeti la jana liko wapi?"

Velika alikaa na kalamu mkononi. Aliwaza wale elfu hamsini na mbili na mia tisa na tisini na tisa, hao hakuwa na deni nao. Akairudisha kalamu mezani taratibu.

"Huyu nitamwambia nini?" akauliza.

"Nani? Huyu?" Krastyo akaruka. "Dada, usitufanyie hivyo! Tulikubaliana! Ulisema mwenyewe, paa likiisha tutazungumza!"

"Nilisema," Velika akakubali. "Na tumezungumza."

Tashkov alisimama, akasema maneno ambayo maktaba hiyo ilikuwa haijawahi kuyasikia, hata katika vitabu vya rafu ya juu, akaelekea mlangoni. Nje mvua ilikuwa ikimwagika na gari lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Velika akamfuata na beseni la nane, lile jipya lililoandikwa BULGARIA ILIYONYOOKA, akamwekea mikononi.

"Jifunike, mheshimiwa," akamwambia. "Ni lenu hilo. Mimi silihitaji tena."