Matundu Manne Nyuma ya Kiti

Kiti cha mpwa wangu kina ubao wa mgongo, na ubao huo una matundu manne kila upande, moja juu ya jingine kama vifungo vya shati. Niliyatoboa mwenyewe, mjini Gitega. Mkanda wa bega unapita kwenye tundu lililo sawa na bega la mtoto. Akirefuka, unauhamishia tundu la juu yake. Tangu siku ile nimelala mahali pengi, na kila ninapolala hujiuliza amefika tundu la ngapi.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu mkubwa. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya uchungu wa siku mbili, akatoka na ugumu wa mwili ambao haukuondoka. Shingo yake haikushika vizuri. Akifurahi alikakamaa na kujirusha nyuma, hivyo kicheko chake kilikuwa kazi kwa aliyembeba. Alisema maneno mafupi tu, nusu nusu, lakini hakusahau jambo. Tuliporudi Burundi alikuwa na miaka minne, akavuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, ndani ya mbeleko ya kitenge. Alipofika miaka minane, pale kwetu Butihinda, bado alikuwa mgongoni, na miguu yake iligonga magoti ya mama kila hatua.

Mimi sikukaa. Shule niliiachia darasa la tano, si kwa ujinga, ila kila nilipoambiwa nitazame ubao nilitazama dirishani. Nimesukuma baiskeli za ndizi hadi Muyinga, nimepaka rangi milango ya watu, nimemshikia fundi redio taa ili tu nione anavyounga waya. Dada alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, hata ukila kwangu unakula kama mtu anayesubiri gari."

Gitega kulikuwa na kituo ambako walinyoosha watoto viungo na kuwafundisha kukaa. Dada alimpeleka mara moja kwa mwezi, kwa teksi ya kugawana kutoka Muyinga, mtoto mapajani. Baada ya safari chache binti alianza kushikilia kichwa kwa muda wa kumaliza wimbo mzima. Tulimwimbia nyimbo ndefu makusudi. Lakini njiani aliteleza, alikakamaa, na kona za Karuzi zilimrusha huku na huku. Siku moja dada alirudi, akamlaza mtoto mkekani, akabaki ameinama vilevile, mgongo umekataa kunyooka.

"Mwezi ujao siendi," alisema. "Nimechoka. Tutakaa naye hivi hivi."

Nilimtazama mtoto. Naye alisikia. Nilimwuliza anataka nini, nikidhani atasema Gitega. Alihangaika na mdomo wake kwa muda, kisha akasema, "Bara."

Barabara. Miezi yote ile alikuwa amesafiri uso ukiwa kifuani kwa mama yake. Hakuwahi kuiona.

Basi nikasema nitamtengenezea kiti cha ndani ya gari. Dada hakucheka, akasema tu, "Kiti kimoja, safari moja. Kikishindwa, usinisumbue tena."

Nilichukua kiti cha mbao, nikakata miguu, nikakitandikia kipande cha godoro. Kumfunga mtoto ndiyo sehemu niliyojivunia. Pande zetu za Muyinga hakuna anayefunga mzigo kwa kamba akiwa na tyubu ya baiskeli. Unaikata vipande virefu, unaivuta, unaizungusha, na mikungu sita ya ndizi inashuka mlima bila kucheza. Nilikuwa nimefunga hivyo tangu utoto. Nilimfunga mpwa wangu tumboni na kifuani, nikavuta, nikatikisa. Hakucheza.

Pale stendi ya Muyinga dereva alizunguka gari kuangalia. "Mbe shefu, hii kiti iko ya mutoto ao ya askofu?"

"Ya malkia," nilisema.

"Bon. Malkia alipe nafasi mbili."

Tulilipa. Kiti nacho nilikifunga kwenye siti ya nyuma kwa tyubu zilezile. Dada alikaa kushoto, mimi kulia, malkia katikati, macho mbele. Sijasahau uso ule. Kila mlima ulipofunguka alivuta pumzi kama mtu anayemwagiwa maji. "Bara," alisema. "Marume, bara." Marume ndivyo anavyoniita, mjomba kwa Kirundi.

Kabla ya Karuzi mbuzi walitoka kwenye mihogo. Dereva alikanyaga breki. Mpira ulifanya kazi yake ya mpira: ukavutika. Mtoto alienda mbele pamoja na kiti chake, akagonga mdomo kwenye kiti cha dereva, halafu mpira ukamrudisha nyuma kwa nguvu ileile.

"Pole mama! Mbuzi hazina akili!" dereva alisema.

Mdomo ulikuwa umepasuka kidogo, damu ikashuka kidevuni. Dada alifungua mipira yangu, mmoja baada ya mwingine, akamweka mtoto mapajani, uso kifuani, akawazungushia mbeleko wote wawili. Tulipokaribia Gitega ndipo alipozungumza. "Ulimfunga kama ndizi zako." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma.

Pale kituoni walimsafisha, wakaanza kumnyoosha. Nilibeba kiti nikatoka. Niliuliza kila fundi niliyemwona, mpaka nikaelekezwa mtaa wa Musinzira kwa mzee mmoja aliyeshona viti vya magari uani kwake. Alikuwa na kofia ya kushona kwa mkono na sindano mbili kolani. Alisikiliza yote, akachukua kipande cha mpira, akakivuta, akakiachia. Kikanipiga mkononi.

"Umeona? Ndizi ikienda mbele ikarudi, inakudai nini? Mtoto ana shingo." Kisha akacheka. "Nyinyi wa Muyinga! Mngeachiwa, mngefunga hata nyumba kwa tyubu."

Alitaka kuliona gari. Dereva alikuja akilalamika kwamba gari ni la patroni, tajiri wake, na hataki litobolewe.

"Nani katoboa?" mzee alisema. Aliinamisha kiti cha nyuma, akaingiza mkono hadi kwapani, akavuta maganda ya karanga, shanga, kijiko, na mwishowe mikanda ya gari yenyewe, yenye vumbi. Ilikuwa imesukumwa chini ya kiti miaka mingi ili abiria wengi wajipange.

"Eeh!" dereva alisema. "Kumbe iko na mikanda! Miaka tano mi sijue!"

Kiti chetu kikafungwa kwa mkanda wa gari. Mkanda wa mtoto, mzee aliukata kwenye gari kuukuu lililokuwa uani. Hilo lilikufa kwa uzee, alinieleza. La ajali mkanda wake huwa umeshavutika na haufai kuguswa. Aliinua ukingo wa mbele wa kiti ili mtoto asiteleze. Kisha tulikwenda kituoni, kwa sababu hakukubali vipimo vyangu vya kukariri. "Anapimwa akiwa amekaa, na kwa mkono wako."

Mbele ya dada alishika kidole changu na kukiweka kwenye mfupa wa nyonga ya mtoto. "Mkanda unalala hapa, kwenye mfupa. Tumboni hapana." Nilipima kutoka nyonga hadi nyonga: shibiri moja na vidole viwili. Nikapima hadi begani. Nilirudi uani kwake nikatoboa matundu, la chini kwa ajili ya siku ile, matatu kwa ajili ya miaka.

Dada alikuwa amesema safari moja, na safari ilikuwa imeshaisha vibaya. Asubuhi iliyofuata, wakati wa kurudi, alisimama kando ya gari lilelile, mtoto mgongoni, mbeleko imekazwa. Mzee hakumsihi. Aliniketisha mimi pembeni ya kiti, akanifunga mkanda wa gari, akamwambia dereva aende na kupiga breki ghafla barabarani mbele yake. Alirudia mara tatu. Kisha akajaza mfuko wa mchanga kwenye kiti cha mtoto, akaufunga, akarudia. Mfuko haukutoka.

Dada alifungua fundo la mbeleko polepole. Alimketisha mwenyewe, akabana mwenyewe. Alitaka kukunja kitenge kukiweka chini ya mkanda pawe laini. Mzee akakataa, akasema mkanda ukae karibu na mwili. Basi akachana ukanda mwembamba wa mbeleko ile, akaushonea mkanda pale unapogusa shingo.

Njia yote hadi Muyinga mtoto alitazama mbele. Dada alitazama dirishani, mikono mapajani, haijui pa kwenda. Karibu na Karuzi niliona mabega yake yakitikisika, kama afanyavyo mama anapomtuliza mtoto mgongoni. Hakukuwa na mtu mgongoni.

Niliondoka baada ya mavuno. Nilisema wiki mbili. Nipo kando ya ziwa Tanganyika sasa, nikipakia mawese, na wiki zile zimekuwa miaka. Dada hunipigia na kunipa habari kwa namba tu: la pili, tumehamia la tatu. Kichwa, mtoto anakishika kutoka Muyinga hadi mnara wa kwanza wa Gitega. Jioni, kazi ikiisha, mkono wangu hufunguka wenyewe: shibiri moja na vidole viwili. Najua si kipimo chake tena, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Juzi alipiga tena. "La nne limebana. Mabega yamepita ubao. Nimemwambia fundi wa hapa akate ubao mrefu zaidi, nimpe vipimo vya zamani."

"Asikate," nilisema. "Anapimwa akiwa amekaa. Nakuja."

"Unakuja, au unasema tu?"

Kabla sijajibu alimsogezea mtoto simu. Nilisikia pumzi yake, ile ya kuhangaika na neno. Sauti imekuwa nzito kidogo.

"Marume," alisema. "Bara."

Nimeshakunja nguo zangu. Tyubu za baiskeli nimemwachia mwenzangu wa mawese.