Yeshareg na waifai ya kona ya kahawa

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Yeshareg Wondimu anatembea polepole kwenye ghorofa ya saba kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Kifuani amebeba kompyuta mpakato iliyolazwa juu ya ubao, na ubao umefungwa shingoni kwa netela, shali nyeupe ya pamba aliyoachiwa na mama yake.

Anapiga hatua moja, anasimama, anatazama kioo cha kompyuta. Kisha nyingine. Ghorofa ziko tisa, na kila moja huizunguka hivyo mpaka miguu ivimbe.

"Dada Yeshareg, mtoto hajalala tu?" anamtania karani mmoja wa madai.

"Alikuwa amelala. Kafika kwenu, kaamka," anajibu bila kuinua macho.

Yeshareg, mwenye miaka 43, ni mpima waifai. Kampuni hii kubwa ya bima hapa Addis Ababa inang'oa nyaya za mezani, na kuanzia mwezi ujao makarani wote watategemea waifai. Kazi yake ni kusema ni vifaa vya aina gani vinunuliwe, vingapi, na vining'inizwe wapi darini. Mwajiri wake, mkandarasi, humlipa birr 16,000 kwa mwezi. Nusu yake humezwa na kodi ya chumba anachoishi na binti zake wawili kule Gofa.

"Watu wanadhani waifai ni hewa, inapita tu," anasema. "Mwili wa mtu una maji, na maji yanakula mawimbi. Chumba kitupu na chumba hichohicho kikijaa watu, hivyo ni vyumba viwili."

Hapo ndipo ulipo ugomvi wake na wakubwa. Ramani ya vifaa ilishachorwa kabla hajaja: vifaa 54, sita kila ghorofa, vya aina ya bei nafuu. Mhandisi aliyeichora alipima jengo lote kwa siku moja, siku ya Timket, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu.

Mimi ninayeandika haya nimeishi mji huu miaka kumi na mmoja na sijaona ofisi yenye watu siku ya Timket. Mji mzima uko barabarani na nguo nyeupe, unasindikiza tabot, vibao vitakatifu vya makanisa. Mhandisi aliona amepata bahati, hana wa kumsumbua. Vipimo vikatoka vizuri mno, na mkandarasi akashinda zabuni kwa vipimo hivyo.

Sasa inatakiwa saini ya mpimaji kuthibitisha kwamba 54 vinatosha. Yeshareg anasema havitoshi hata kidogo, vinatakiwa 81, tena vya aina inayoweza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Karatasi inasubiriwa leo saa kumi na moja jioni. Asipoitia saini, ameambiwa, hana kazi.

Siku za nyuma angetia. Miaka miwili iliyopita alitia, kwenye jengo jingine, akijua kabisa kwamba vifaa ni vichache. Wiki ya pili mtandao ukaanza kukatika, simu za wateja zikakatika nao, na meneja akawa anafoka tangu asubuhi. Fundi aitwaye Demissew akapelekwa kuhamisha vifaa darini watu wakiwa kazini. Hakupewa hata mtu mmoja wa kumshikia ngazi.

Alianguka akavunjika uti wa mgongo. Mpaka leo yuko kitandani kwake Kolfe, na mkewe Wubit ndiye anayemgeuza.

"Sikumsukuma mimi," Yeshareg anasema. "Lakini ile ngazi niliiweka mimi pale, kwa kalamu."

Kila Jumamosi huwapelekea kahawa na unga wa shiro wa kupikia mchuzi. Nilimfuata huko wiki iliyopita. Demissew alikuwa mcheshi kuliko sisi wote.

"Huyu akija anaangalia dari yangu tu," aliniambia. "Namwambia, dada, nyumba yenyewe chumba kimoja, waifai inatosha."

Yeshareg alicheka naye. Tulipotoka nje alilia.

Saa kumi alasiri, Mama Etenesh, mpika kahawa wa ofisi, anawasha ubani kwenye kona ya madirisha, ghorofa hiyohiyo ya saba. Makarani 130 wanamiminika. Ijumaa hunywewa vikombe vitatu, na hakuna anayeondoka kabla ya kile cha mwisho, kwa hiyo kwa dakika arobaini wateja hujibiwa hapohapo, simu mkono mmoja, kikombe mkono mwingine.

Yeshareg ameweka kifaa cha majaribio pale ramani ilipoagiza. Kioo cha kompyuta kinakuwa chekundu: mawimbi hayatoshi. Anamwita bosi wake, Zelalem, asimame katikati ya watu apige simu kwa waifai.

Zelalem anapiga. Inakatika. Anapiga tena, inakatika.

"Umeona, kaka?"

"Nimeona. Si wahamishe kahawa yao?"

Walio karibu wanamtazama kama mtu aliyetukana msikitini.

"Kaka Zelalem, humu utahamisha kuta kwanza," Yeshareg anamjibu.

"Dada, mimi sipendi haya," Zelalem anasema kwa sauti ya chini, na nadhani anasema kweli. "Tukibadilisha hesabu tunanyang'anywa kazi. Tia saini, twende nyumbani. Una watoto."

"Ninao. Demissew pia anao."

Yeshareg anaichukua karatasi, anaiweka juu ya ubao ulio kifuani pake, anakata 54 na kuandika 81. Anatia saini pembeni ya 81. Zelalem anaisoma, anaikunja mara mbili.

"Jumatatu usije," anasema. "Atakuja mwingine."

Huyo mwingine atatia saini. Yeshareg analijua hilo, nami ninalijua, na hasira zangu hazibadilishi kitu. Anasema atazunguka kwenye ofisi ndogondogo kutafuta kazi ya kupima kwa siku, na binti mkubwa itabidi asubiri muhula mmoja mpaka ada ya masomo ipatikane.

Anafungua fundo la netela, anajifunika mabegani, kisha anachuchumaa karibu na jiko la Mama Etenesh.

"Mama, mtandao utaanza kuwasumbua. Watakuja na ngazi, wataisimamisha hapa, karibu na jiko lako. Fundi atakuwa peke yake. Nakuomba umshikie ngazi."

"Nitaishika, mwanangu." Mama Etenesh anamimina kikombe cha tatu. "Na kahawa ikiwa jikoni?"

"Iache imwagike."