Tarumbeta na Kamera

Mama yake ndiye aliyempa jina la Tarumbeta, maana alipokuwa mchanga akianza kulia, majirani walifunga madirisha. Akakua, na sauti ikakua naye. Alipokuwa dobi, wateja walimjua kwa masikio kabla ya kumwona. Alisimama nyuma ya meza ndefu, mkono mmoja ukinyoosha kola, mwingine ukisukuma pasi, akiimba kwa raha zake, hana hili wala lile. Jioni za mazoezi alikwenda kwenye kwaya, akasimama na wanaume wa sauti ya tatu. Ile noti ya juu ambayo wenzake waliikwepa kijanjajanja, yeye aliifuata mpaka huko huko.

Kwa umbo hakuwa mtu wa kugeuziwa shingo: mfupi, tumbo limemtangulia, meno yamepandana. Mkewe, fundi cherehani aliyemzalia pacha, alipenda kumtania, "Baba Pacha, Mungu alipokugawia sauti alisahau kukupimia urefu."

Siku moja mwongozaji wa filamu, mama mmoja mwembamba asiyekaa chini, alikuja kuchukua mavazi ya waigizaji wake. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Kaka, umejifunzia wapi kuimba?"

"Kwenye kwaya, dada. Na hapa kwenye joto."

Mwongozaji akamweleza shida yake. Alikuwa anatengeneza filamu ya mwimbaji, na mwigizaji alishampata, kijana mtanashati kwelikweli, ila akiimba hata paka anahama nyumba. "Nakuomba sauti tu," akasema. "Uso anao yeye."

Tarumbeta akakubali papo hapo. Wakarekodi nyimbo zote studio, kazi ikaenda kama maji.

Siku ya kupiga picha alifika akiwa amebeba mashati yaliyopigwa pasi. Wimbo ukafunguliwa, Mtanashati akaanza kuchezesha midomo. Kitu hakikukaa sawa. Sauti inapanda mlima, kifua kimetulia tuli.

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Mwanangu, unaimba au unatafuna?"

Wakarudia, wakarudia tena. Pembeni, Tarumbeta alijisahau. Alikuwa akiifuata kimyakimya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, shingo imemtoka mishipa, macho yamefumbwa, mashati bado begani. Mpiga picha naye akajisahau, akamgeuzia kamera.

Mtanashati ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Mama, tusidanganyane. Sote tunamtazama dobi. Mpeni nafasi yake, mimi nitakuwa rafiki yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kuimba ni kimoja, kuigiza ni kingine. Ilipofika sehemu ya kumlilia mama aliyefariki, Tarumbeta alikauka macho kabisa.

"Mfikirie mama yako," mwongozaji akamwambia.

"Mama yangu? Nimemwacha anagombana na muuza mkaa, na muuza mkaa ameshaanza kuomba radhi!"

Watu wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mwongozaji akafuta machozi, akamwambia, basi imba wimbo aliokuimbia akikuogesha. Akauanza kwa sauti ya chini. Alipofika katikati, machozi yakamshuka yenyewe.

Filamu ilipoonyeshwa, mama alikaa mstari wa mbele, kilemba kipya kichwani, mwanawe ubavuni. Kwenye skrini matajiri wakamkamata mwimbaji, wakamsukuma nje ya ukumbi. Mama akasimama. "We! Hebu mwachieni mwanangu!"

"Mama, mimi niko hapa," Tarumbeta akamnong'oneza.

"Nyamaza wewe! Namtetea yule pale."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Baada ya hapo filamu zikafuatana. Akawa hakimu, mwizi, bwana harusi mara nyingi hadi mkewe akaanza kuwaita wale mabibi harusi wa filamu "wake wenzangu". Duka la udobi akamwachia dada yake. Kwaya hakuiacha, ingawa huko umaarufu haukumfaa kitu. "Hapa hatuna nyota," mwalimu wa kwaya alimwambia. "Tuna sauti ya tatu, na umechelewa."

Umri ulipomwingia, ile noti ya juu ikamkimbia. Alinyong'onyea kwa muda, akazunguka nyumbani bila kuimba, jambo lililomtisha mkewe kuliko ugonjwa. Mwongozaji aliposikia, akaja kumwona. Aliwakuta wawili hao wakizozana kuhusu kiti kibovu, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Akakaa, akasikiliza, akasahau chai yake.

"Nina hadithi ya wazee wawili," akasema mwishowe. "Hakuna kuimba. Na wifi, nakutaka na wewe."

Mkewe alikubali kwa sharti moja: gauni atashona mwenyewe. Siku ya kwanza mbele ya kamera Tarumbeta akasema maneno yake vizuri, ikafika zamu ya mkewe. Mama huyo akamkagua mumewe kutoka juu hadi chini, maneno yote aliyokariri yakamtoka kichwani.

"Na hivyo viatu umevivaa kinyume," akasema.

Tarumbeta akatazama chini. Kweli. Akaanza kucheka, mkewe akadakia, wakashikana mabega wasianguke. Mpiga picha akamtazama mwongozaji, akate au aendelee. Mwongozaji akamwashiria kwa mkono: endelea, endelea.