Ngege wa Mama Chapati

Mama muuza chapati wa mtaa wa Umoja husugua mikono kwa majivu kabla ya kumlisha samaki wake, maana mafuta hayapatani na maji ya tangi. Ngege huyo aliletwa na jirani akiwa hai ndani ya ndoo, awe kitoweo. Lakini mama alilelewa Ukambani, katika nyumba isiyokula samaki, hakujua hata amshike wapi amchinje, akamtia tangini. Sasa ngege amekua kama kiatu cha askari. Husukuma mawe kwa mdomo na kumng'ata mama kidole chakula kikichelewa. Mama humtukana, kisha humpa kidole kingine.

Juzi mabomba yalikauka mpaka maji ya tangi yakawa kama chai, ngege akalala ubavu akitweta. Maji yaliporudi, ilikuwa kila nyumba mtungi mmoja. Jackton, dereva wa lori, babake Whitney, akapaza sauti kwenye foleni: "Mama Chapati, watu wana kiu na wewe unamwekea samaki maji? Mtie sufuriani, ugali nitaleta mimi!" Foleni ikacheka. Mama akajaza mtungi wake, akauziba kwa gunzi.

"Haya ni maji yangu ya kuoga, Baba Whitney. Nikinuka, mjue ngege ameoga. Mwenye neno asogee hapa aniambie."

Akajitwika mtungi, akaenda kuyamimina maji tangini.