Kupiga Pasi Jezi ya Adui

Shangazi yangu hakuwahi kucheza mpira. Ninavyojua mimi aliugusa mara moja tu, siku ulipomwangukia ndani ya sufuria ya mbaazi, akautoa kwa mwiko na kumtukana aliyeupiga, ukoo wake na aliyemfundisha. Lakini Likoni, ukitaka kujua nani ni wetu na nani anajisingizia, hukuwa na haja ya kumsumbua mwenyekiti wa timu. Ulimwendea shangazi.

Kanuni zake hazikuandikwa popote. Mtu alizijua kwa kuzivunja. Jirani yetu mmoja aliondoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho, tukiwa tumefungwa vibaya na mvua inanyesha, na shangazi hakumjibu salamu mpaka Ramadhani ilipoandama. Hata hapo alimjibu kwa sababu ya Mungu, akasema, si kwa sababu yake. Sisi wenyewe tulikuwa na ruhusa ya kumwita golikipa wetu tenga la dagaa, maana kila kitu kilimpita. Mtu wa nje akimwita hivyo, alikuwa anataka vita. Na wiki ya kucheza na Changamwe, ambao jezi zao zilikuwa nyekundu, hakuna mwanamke nyumbani kwetu aliyejitanda leso yenye wekundu. Nyanya zilipikwa, lakini zilipikwa kwa shingo upande.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Wanaume wakibishana juu ya vyama na katiba, na kama pwani ijitenge au isijitenge. Shangazi akisema hao wote watapatana siku moja, ila Likoni na Changamwe hawatapatana.

Mume wangu nilimwona mara ya kwanza kwenye uwanja wetu. Alikuwa beki wa Changamwe, mtu mpana, aliyekaba washambulizi wetu kama anayewadai. Mpira ukatoka nje, ukaingia katikati ya mkeka wetu wa wanawake nyuma ya goli, naye akaja kuufuata. Matusi aliyoyapokea pale siwezi kuyarudia na umri huu. Akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, dada zangu. Naomba mpira." Mpira ulikuwa miguuni kwangu. Niliuokota nikaurusha upande mwingine kabisa, mbali, ili akaukimbilie. Alinitazama kidogo, akacheka, akaukimbilia.

Miezi michache baadaye wazee wa Changamwe wakavuka feri kuja kuniposa.

Baba yangu alikuwa mkulima mpole wa minazi na mihogo, asiyejua kona ya uwanjani ni tofauti gani na kona ya nyumba. Aliwakaribisha, akawapa kahawa na haluwa, mazungumzo yakaenda vizuri. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia. Kidesturi mwanamke aliye nyuma ya pazia husikiliza tu. Shangazi aliposikia kijana anafanya kazi reli, akaridhika. Aliposikia anakaa Chaani, huko huko Changamwe, akakohoa.

"Huyo kijana," akauliza kwa sauti iliyowafanya wageni waweke vikombe chini, "hucheza mpira?"

Mzee mmoja akajibu kwa tahadhari kwamba hucheza kidogo.

"Kidogo wapi?"

Yule mzee akasema, "Nyuma, bibi. Beki."

"Beki wa Changamwe."

"Ndiye."

Shangazi alinigeukia. Nikatazama mkeka. Akanisoma uso muda mrefu, kisha akarudi kwenye pazia. "Mimi sikatazi jambo la sunna," alisema. "Muoeni. Apike kwenu, azae kwenu. Lakini timu hahami."

Mzee wa Changamwe akasema, kwa heshima, kwamba mke humfuata mumewe.

"Humfuata nyumbani," shangazi akamjibu. "Kibla chetu ni kimoja, alhamdulillahi. Timu ni jambo jengine."

Ikabidi maalimu wa madrasa, aliyekuja kushuhudia, aulizwe. Alifikiri sana, akasema katika vitabu alivyosoma hakukuta mahali ambapo mke analazimishwa kushangilia timu ya mume. Mzee mmoja wa Changamwe akanong'ona kwamba maalimu ni mtu wa Likoni. Ilikuwa kweli, na tena alikuwa hakosi mechi. Lakini kauli yake ikapita, na nadhani mimi ni bibi arusi wa pekee pwani hii aliyeozwa kwa sharti la mpira.

Nikahamia Chaani, vyumba viwili vilivyoshikana na nyumba ya mavyaa wangu. Mama huyo mzaa mume wangu alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na nilipofika tu nikaelewa kwamba nimetoka kwa shangazi mmoja nikaja kwa mwingine. Yeye ndiye aliyetunza jezi za Changamwe. Alizifua, alizishona, na alijua kila tundu limetokana na mechi gani. Hakuniuliza hata siku moja habari za Likoni. Alinifundisha kupika samaki anavyopenda mwanawe, akaniita "mwanangu", na jambo la mpira akaliacha kati yetu kama jiwe ambalo wote wawili tunajua kulizunguka.

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Alikuwa na ila mbili. Alikoroma, kama mume yeyote. Ya pili niliijua msimu wa mvua, jioni moja chura alipoingia chumbani. Mwanamume huyu, ambaye washambulizi wazima walimkwepa, alikuwa juu ya kitanda kabla mimi sijamwona huyo chura. Alikuwa ameshika ncha za kikoi chake kwa mikono miwili.

"Mtoe," aliniambia.

Nikamtoa kwa ufagio.

"Hili libaki humu ndani," akasema.

"Limebaki," nikamwambia. Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka mbavu zikauma, lakini sikumwambia mtu.

Kisha Likoni wakaja kucheza Changamwe. Wiki nzima hakuna aliyeitaja mechi ile. Asubuhi ya siku yenyewe mavyaa aliniletea jezi ya mwanawe, imefuliwa, ina mikunjo, akaiweka mezani. "Mkono wangu unaniuma leo," alisema. Akanitazama.

Nilijua anataka kuona nini. Nikatia makaa kwenye pasi, nikapuliza, nikaipiga ile jezi nyekundu mbele, nyuma na mikono, ikanyooka kama ya siku ya sikukuu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Utakaa wapi?" akauliza.

"Na watu wangu."

"Haya."

"Mke hupiga pasi nguo," nikamwambia. "Moyo haupigwi pasi."

Niliona mkono wa mavyaa uliouma ukichukua ndoo ya maji iliyojaa bila shida yoyote.

Watu wa Likoni walifika kwa lori, wanaume wamesimama, wanawake wameketi na matari yao, shangazi mbele karibu na dereva kama gavana. Nilimwamkia. "Shikamoo, shangazi." Akaniitikia marahaba, akanishika kidevu, akanikagua kuanzia utosini. "Hujapungua," akasema, na akanipa nafasi mkekani. Ng'ambo ya uwanja, wanawake wa Changamwe walikuwa wananitazama, na katikati yao mavyaa wangu, amenyooka kama nguzo.

Mchezo ulikuwa mgumu. Sisi tukafunga, wao wakasawazisha, kisha watu wakaanza kugombania mguu badala ya mpira. Mume wangu alikuwa ukuta. Wanawake wetu walimwimbia kila walichonacho, wakamtukania kiatu, wakamtukania mwendo, wala hakugeuka. Ndipo mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya ngoma, akaniinamia.

"Wewe walala naye," alisema. "Tupe neno la kumpiga nalo."

Wote wakanigeukia. Nitakuwa mwongo nikisema sikumkumbuka chura. Alinijia kinywani mzima mzima, na miguu yake yote. Tena niliipenda Likoni, wallahi niliipenda, na lile goli tulilihitaji. Lakini nilimwona yule mtu uwanjani katika jezi niliyoinyoosha kwa mkono wangu, anatokwa jasho, nikasema, "Sina neno."

"Huna, au hutaki?"

"Mwacheni," shangazi akaingilia kati. "La chumbani haliletwi uwanjani. Tukifanya hivyo, nyinyi nyote hapa waume zenu watajifungia ndani kwa aibu." Wengine wakacheka, wengine wakatazama pembeni, maana kila mmoja alijua anacho cha kwake.

Lakini yule mnene hakukubali kurudi Likoni mikono mitupu. Mpira ulikuwa unamjia mume wangu, mrefu, mwepesi, mpira wa kuondoshwa na mtoto. Mama yule akasimama, akaweka mikono kinywani, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye njia ya reli: "Beki, mkeo asema wakoroma!"

Aligeuka. Alinitazama mimi. Mpira ukampita begani, mshambulizi wetu akaupokea, akaupeleka wavuni, na Likoni wakaruka. Nami niliruka. Sitadanganya katika hilo. Miguu iliruka kabla sijaiuliza. Nilipotua ndipo nilipouona uso wake.

Nilirudi nyumbani peke yangu, mbali na wengine, na kila kibaraza nilichopita kilinyamaza nilipofika na kuanza tena nilipopita. Mume wangu alikuwa ameketi ukumbini kwa mavyaa, jezi bado mwilini, matope mpaka magotini. Hakuinua macho.

"Umeniumbua mbele za watu," alisema.

"Sikusema kitu."

"Alijuaje?"

"Kila mume hukoroma. Alibahatisha."

"Alijuaje?" akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa imepungua, nami nikaona kwamba hasira ilikuwa sehemu ndogo tu. Alikuwa ameumia. Machozi yakaanza kunilenga, na mimi si mtu wa machozi.

Mavyaa alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini. "Mwanangu," aliniambia, "kama ungetaka kumwangusha, ungewapa neno gani?"

Nikamtazama mume wangu. Akanitazama. Niliona uso wake unasawijika.

"Siwezi kulisema, mama."

"Ni chura?" akauliza mavyaa.

Mume wangu akafunika uso kwa mikono.

"Tangu akiwa mdogo," mavyaa akaniambia. "Alikuwa akipanda juu ya kabati." Kisha akamgeukia mwanawe. "Mtu ana panga mkononi, wewe walalamika umechomwa kwa mwiba. Angekuwa amekuuza, leo uwanja mzima ungelia kama vyura. Ondoka ukaoge."

Akaondoka akaoga. Usiku ule hakuzungumza sana, lakini alikula, na kwangu hiyo ilikuwa amani. Mavyaa alinishika mkono nilipokuwa natoa vyombo. "Uliruka," alisema.

"Niliruka, mama."

"Nilikuona. Ungejizuia, nisingekuamini katika jengine lolote." Akarudi kwenye mchele wake, na mwaka ule hatukulizungumza tena.

Uhuru ukaja. Wiki ile ya sherehe, palipangwa mechi ya furaha kati ya bara na kisiwa, kisiwa ndio mjini, na bara maana yake sisi wote wa huku nje, Likoni, Kisauni na Changamwe, katika timu moja. Wachezaji walivaa jezi nyeupe kwa kuwa hakuna aliyekubali rangi ya mwenzake. Watu waliulizana watakaaje. Shangazi alivuka feri akiwa amenuna, akamkuta mavyaa ameshatandika mkeka mkubwa, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye kivuli, akaketi upande mmoja wa mkeka ule. Mimi niliketi katikati, mwanangu wa kwanza mapajani.

Kila mmoja alimgeuzia mwenzake bega. Kisha mtu wa mjini akamchezea rafu kijana wa Kisauni, refa akaangalia angani, na shangazi akasema neno moja kuhusu mama wa refa. Mavyaa wangu, mchache wa maneno, akaongeza la pili. Shangazi akamtazama kwa heshima mpya. Kuanzia hapo walikitukana kisiwa kizima, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea, na mimi nilimziba mwanangu masikio.

Tulifungwa. Shangazi alisema kosa lilikuwa la mabeki wa Changamwe. Mavyaa akasema golikipa alikuwa wa Likoni, au alisahau? Wakakunja mkeka pamoja, kila mmoja akivuta ncha yake, wakaagana kwa adabu zote za Kiislamu, na shangazi akaenda zake kutafuta feri.