Beseni Lililokuwa Mbele

Yule mama wa omena pale soko la Suna alikuwa mwizi wa vipimo, nami nilimpenda hivyo hivyo. Akikupimia, kidole gumba kilizama ndani ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, pamoja na samaki. "Toa kidole kwanza, mama, ndipo tuongee bei," nilimwambia kila wiki, naye alicheka kwa sauti yake nzito, akaongeza konzi moja. Yeye alikuwa Mkatoliki, na jirani yake Nyatichi Msabato. Jumamosi, Nyatichi akiwa kanisani, aliiangalia meza yake ya nyanya. Jumapili Nyatichi alimuuzia omena zake. Ndivyo soko lilivyokuwa, na sijaona lingine la hivyo.

Mwaka wa kura, tisini na saba, diwani aligawa vibanda vipya vya mabati siku ya Jumamosi. Wasabato walisema hiyo ni njama ya Wakatoliki. Wakatoliki walisema Wasabato wamekula vya kutosha. Sisi wachuuzi tulipanga laini kwa mabeseni tangu alfajiri, kila beseni likishika nafasi ya mwenyewe. Yule mama aliweka mawili: la Nyatichi mbele, lake nyuma.

"Mama, umehama kanisa?" vijana walimtania. "Hao Wasabato matajiri ndio unawashikia laini?"

Alikaza leso kiunoni. Karani wa diwani alipomfikia, kilikuwa kimebaki kibanda kimoja.

"Mwenye beseni hili yuko wapi?"

"Kanisani. Andika Nyatichi."

"Ukilisogeza tu, mama, kibanda ni chako."

"Mimi niko nyuma yake," alisema. "Kwani huoni laini?"