Beseni la Maji Mlangoni

Niliishi siku nne katika makao ya wazee yaliyo kwenye mteremko juu ya bonde la Mto Mara, nikiwa na fomu ya kurasa tatu, kalamu mbili na uhakika mkubwa wa kujua jema na baya. Kamati inayoyasimamia makao hayo ilinituma kwa sababu mgeni mmoja alikuwa amelalamika: alimkuta mzee mmoja ananuka, na mhudumu aliyepaswa kumtunza yuko jikoni anachambua maharage. Nilitakiwa nipime huduma yote, kisha nitoe kauli kuhusu mhudumu huyo, abaki au aondoke. Nilichaguliwa mimi kwa kuwa nimefundisha miaka mingi, nasoma vitabu, na sina huruma na uzembe. Mwenyekiti alisema hivyo mbele yangu, nami sikumkanusha.

Jambo la kwanza nililolifanya nilipoipokea fomu ni kuisahihisha. Swali la tisa liliuliza kama kila mzee “huoshwa” kila siku. Nililikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika “huogeshwa”. Kinachooshwa ni sufuria, au maiti. Mtu aliye hai huogeshwa. Nakumbuka nilivyoridhika nafsini, kana kwamba nilikuwa nimekwisha kuwatendea wazee wale wema kabla hata ya kufika kwao.

Asubuhi ya kule huanza bila ardhi. Ukungu hupanda kutoka mtoni, hulifunika bonde lote, na vilima vya upande wa Serengeti huelea juu yake kama vitu vilivyokumbukwa nusu. Wazee hutoka mmoja mmoja, wamejifunga mablanketi, wakaketi barazani wakiutazama weupe ule. Bibi mmoja aliniuliza kama mvua zimeshakatika, maana wanawe walikuwa njiani. Sikujua aliuliza mvua za mwaka gani. Nilisema zimekatika, akanishukuru, akafumba macho. Nilikaa karibu naye hadi jua lilipotoboa ukungu, na kwa kitambo kirefu nilisahau kwamba nilikuwa nimekuja kupima kitu.

Hata hivyo nilipima. Nilinusa mashuka, nikaonja uji, nikabonyeza magodoro, nikatazama kucha za kila mzee. Sikupata dosari. Mhudumu aliyelalamikiwa alikuwa mama wa makamo ya chini, mzaliwa wa Matongo, mrefu, mwenye maneno machache. Alijua ni nani anayelala ubavu upi ili kidonda kisichimbike, na ni nani asiyekula akitazamwa. Ugali wa wasio na meno aliulainisha kwa maziwa. Nilijaza ukurasa wa kwanza na wa pili kwa sifa, jambo ambalo si desturi yangu.

Ila kila siku, jua likishapanda, alichukua beseni la maji ya moto, sabuni na taulo iliyokunjwa, akaenda navyo hadi chumba cha mwisho. Alikiweka chombo kizingitini, akagonga mara mbili, akageuza mgongo, akaondoka. Ndani alikaa mzee aliyekuwa mfugaji zamani, mwenye miguu iliyokwisha nguvu. Mzee alijivuta hadi mlangoni, akanawa uso na mikono, basi. Maji yaliendelea kupoa. Mchana, saa ambayo mgodi ulio ng'ambo ya kilima hulipua mwamba, dirisha lilitikisika kidogo, na juu ya maji yale yakatokea mawimbi ya duara, madogo, yaliyokuja hadi ukingoni yakafa. Jioni mhudumu alilichukua beseni akamwagilia mchicha.

Mzee alinuka kweli.

Siku ya pili nilimfuata jikoni.

“Kwa nini humwogeshi yule mzee?”

“Yule ni baba kwangu, mwalimu.”

“Baba yako mzazi?”

“Hapana.”

“Baba mdogo? Mkwe?”

“Hapana. Ni baba tu.”

Akanitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Sikuimalizia. Nilimwambia kwamba wazee wote ni baba zetu, na kwamba hiyo ndiyo hasa sababu ya kuwaogesha. Alisema, “Sawa, mwalimu,” akarudi kwenye sufuria yake.

Nikajibu swali la tisa: hapana. Chini yake niliandika kwamba mhudumu anakwepa wajibu na kujificha nyuma ya maneno. Simu hushika mtandao mahali pamoja tu pale, karibu na tangi la maji, kwa hiyo nilipanda hadi huko, nikaupiga picha ukurasa ule, nikautuma. Mwenyekiti alijibu upesi: kikao Jumamosi, ataondolewa. Nilishuka nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza haki. Tangu siku ile siiamini sana amani ya namna hiyo.

Siku ya tatu mvua nyepesi ilinyesha tangu asubuhi, nami nikaenda kukaa na mzee yule ili nikamilishe maelezo yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa akilitazama bonde kupitia mlango ulio wazi. Beseni lilikuwa kizingitini, nje yake mvua, na mvuke wa maji ya moto ulipanda ukachanganyika na ukungu, hata sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

“Yule mwekundu mwenye mabaka amevuka?” aliuliza.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamzungumzia ng'ombe, na kwamba mto anaouona si wa leo. “Amevuka,” nilisema, mimi ambaye huwaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

“Na mweusi?”

“Yuko nyuma yake.”

Tulikaa hivyo, tukivusha kundi zima moja moja, rangi kwa rangi, hadi nikahisi usingizi. Alipoona wamekwisha kuvuka wote, aligeuka na kunitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

“Wewe ni wa kizazi gani?”

Kwetu Wakurya kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, kinachofuata kile cha baba yake. Mimi nilikulia Nkende, katika nyumba ya mwalimu mwenzangu wa enzi zake, yaani baba yangu, na mambo hayo hayakuzungumzwa mezani kwetu. Jina la kizazi changu nililijua kwa sababu bibi yangu alikuwa akiniita kwalo akiwa na furaha. Nililitaja kwa mashaka, kama mwanafunzi anayebahatisha.

Mzee alicheka hadi akakohoa.

“Kumbe mjukuu wangu. Mjukuu mwenye mvi. Sasa mjukuu gani huyu, siku tatu anakaa ananinusa tu, haniogeshi?”

“Yupo mhudumu, babu. Hiyo ni kazi yake.”

Kicheko kilikwisha. “Yule ni mwanangu. Baba yake ni wa kizazi cha wenzangu. Unataka mwanangu anione?” Kisha alielekeza kidevu kwenye kitanda kitupu upande wa pili. “Aliyekuwa akiniogesha alilala pale. Alikuwa babu yangu, ingawa nilimzidi miaka. Tulitukanana kila asubuhi. Amekufa wakati wa mavuno.”

Mgodi ulilipua. Dirisha likatetemeka, na maji ya beseni yakatikisika.

Nilimkuta mhudumu anachambua maharage.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia. Nilisema ni baba.”

“Hukueleza.”

“Nilidhani mwalimu ni Mkurya,” alisema, bila ubaya, akitupa kokoto ndogo nje. Kisha akaongeza: “Mwenzake alipokufa nilijaribu siku moja. Nilifumba macho. Akalia. Mzee mzima, mwalimu. Nikaona heri anuke. Nilimwomba katibu wa kamati atafute mwanamume wa kizazi kinachofaa, akasema niache mambo ya kizamani.”

“Na beseni unampelekea la nini?”

“Ajue hajasahauliwa.”

Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu, na neno soni nimelieleza ubaoni mara nyingi: aibu, haya. Kikurya kina neno ensoni, nami siku zote nililichukulia kuwa ni neno lile lile limevaa nguo ya nyumbani. Sivyo. Ensoni ni uzio uliojengwa kati ya baba na mwana, na kati ya wote walio kama baba na wote walio kama mwana, ili mmoja asiuone uchi wa mwingine. Ukiruka kizazi kimoja uzio unaisha. Hapo ni babu na mjukuu, ambao hutaniana na wanaweza kuogeshana. Nilikuwa nimesoma maadili ya mataifa ya mbali kwa bidii, nikaupita uzio huu wa nyumbani kama mtu anavyopita bila kuona mlango wa chumba alichozaliwa.

Nilisimama pale jikoni, na nilichokiona hakikuwa jikoni tena. Nilimwona baba yangu kitandani katika nyumba yetu ya Nkende, mwaka wake wa mwisho. Nilimwogesha kwa mikono yangu mwenyewe kila asubuhi, na nilijivunia; niliwasimulia watu kanisani. Kila nilipovuta shuka, baba aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo hadi nimalize. Nilidhani ni maumivu. Siku nyingine, Mungu anisamehe, nilidhani ni kiburi, nikamhubiria juu ya kupokea wema kwa shukrani. Hakunijibu hata siku moja. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwogesha, na hata leo sijui ningefanya nini. Lakini ningeweza kunyamaza. Ningeweza, walau, kufumba macho.

Nilipanda hadi tangi la maji katika mvua, nikampigia mwenyekiti.

“Mhudumu abaki,” nilisema.

“Mwalimu, jana umeandika anakwepa.”

“Nilikosea.”

“Wewe?”

“Mimi. Anamtunza kuliko nilivyojua kutunza. Mzee anahitaji mwanamume wa kizazi kinachomfaa.”

“Tutampata wapi sasa hivi?”

“Hadi mtakapompata, nitakuja mwenyewe kila Jumamosi.”

Siku ya nne niliamka mapema. Ukungu ulikuwa umelijaza bonde hadi kwenye ngazi za baraza. Nilimsikia mhudumu akija kwa hatua zake za taratibu. Aliliweka beseni kizingitini, akagonga mara mbili, akageuza mgongo. Nililiinua nikaingia nalo.

“Mikono ya chaki hiyo,” mzee alisema nilipoanza. “Sugua mgongo, mjukuu. Unapapasa kama unafuta ubao.”

“Ungekuwa ubao ungekuwa umekauka zamani, babu.”

Alicheka, akanitukana kwa Kikurya tusi ambalo bibi yangu tu ndiye aliyewahi kunipa. Hakugeuza uso ukutani. Nililiona hilo, nikaendelea kusugua huku macho yangu yakichuruzika, na mvuke ulitosha kunisitiri.

Jibu la swali la tisa sikulibadilisha; lilikuwa kweli. Nilifuta yale niliyoyaandika chini yake. Kikao cha Jumamosi kilikaa bila mimi, na mhudumu yupo hadi leo. Kamati inasema bado inatafuta mtu. Nami kila Jumamosi hushuka kwenye bodaboda nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, hukuta beseni limekwisha kuwekwa, na mhudumu amekwisha kugeuka anakwenda zake. Hajawahi kunishukuru, wala sistahili. Nikichelewa barazani nikiutazama ukungu, husema tu bila kutazama nyuma:

“Maji yatapoa, mwalimu.”